Adui Akishakamatwa

Kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, vibanda vya filamu vimebanana na vinyozi na maduka ya simu. Mteja huja na flashi yake, akajaziwa filamu kwa shilingi chache, na wakati anangoja hutazama kinachoendelea kwenye skrini ya mwenye kibanda. Ikiwa ni Batman, na Joker amekamatwa kwa mara nyingine, hakosekani mmoja wa kuuliza: kwa nini asimmalize tu? Amemkamata mara ngapi huyu? Kizazi kilicholelewa na sauti ya DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng mpaka mtu akasahau lugha yake ya kwanza, kinaijua kanuni: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Kile ambacho hakielezwi ni kwa nini adui naye hafi, na baada ya pingu anapelekwa wapi.

Jibu la upande wa biashara ni jepesi. Joker alitokea mwaka 1940, katika toleo la kwanza la jarida la Batman, na alikuwa amepangiwa kufa humo humo. Mhariri Whitney Ellsworth akaona ni hasara kumtupa adui wa namna hiyo, akaagiza kiongezwe kipicha cha kuonyesha kwamba kisu hakikumuua. Tangu hapo wachoraji wamekuwa na tatizo ambalo hakimu yeyote wa kweli angelionea huruma: wana muuaji wa halaiki ambaye hawaruhusiwi kumnyonga, wala kumsahau gerezani, kwa sababu mwezi ujao anahitajika kazini. Mwaka 1974 mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Irv Novick wakapata mahali pa kumweka. Waliiita Arkham, jina la mji wa kubuni katika hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft, na ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Ilikuwa akili ya hali ya juu. Mfungwa wa miaka hamsini akionekana barabarani baada ya miezi mitatu, msomaji atadai maelezo. Lakini mgonjwa hana miaka. Amelazwa, na aliyelazwa anaweza kutoka siku yoyote. Wodi ikawa stoo ya maadui, mlango wake ukifunguka kila hadithi inapopungukiwa.

Madaktari wa Arkham nao walilipia. Ukisoma hadithi hizi kwa wingi utaona hakuna daktari wa akili anayefanikiwa. Katika kitabu cha Frank Miller cha mwaka 1986, Batman akiwa mzee, daktari anamnadi Joker kwenye televisheni kuwa amepona, na Joker anawaua watazamaji waliomo studioni. Scarecrow wa filamu ya mwaka 2005 ni daktari wa Arkham mwenyewe, anayewapulizia watu gesi ya kuwatia hofu. Harley Quinn, aliyeanza katika katuni ya televisheni mwaka 1992, alikuwa daktari wa Joker kabla hajampenda na kuvaa nguo za kichekesho. Daktari ama ni mjinga, ama ni adui, ama ni adui mtarajiwa. Dawa haifanyi kazi. Isipokuwa mara chache, kama katika mfululizo wa Sean Murphy ulioanza mwaka 2017, ambapo vidonge vinamrudishia Joker akili timamu na anaingia kwenye siasa, na hilo linachukuliwa kuwa jambo la ajabu kuliko mtu kuruka kama popo.

Tena kuna mwaka 1988, ambao ningependa ujulikane zaidi huku kwetu kwa sababu kisa chake kilitokea jirani. Kampuni ya DC iliwapa wasomaji namba mbili za simu: moja ya kumwokoa Robin, mwanafunzi wa Batman, nyingine ya kumwua. Waliotaka afe walikuwa 5,343, waliotaka apone 5,271. Kijana akafa katika mlipuko nchini Ethiopia, kati ya kambi za chakula cha msaada, akiwa amekwenda kumtafuta mama yake mzazi. Juu ya Joker hakuna aliyeulizwa. Kura ilikuwa ya mtoto peke yake.

Sasa tumlete Joker Kajiado, kaunti ya Kitengela, tuone.

Tuseme amekamatwa Kitengela, watu kadhaa wamekufa, na anacheka ndani ya gari la polisi. Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka afikishwe kortini kabla saa 24 hazijapita. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na Kajiado ina kituo chake. Kabla hajasomewa mashtaka, atapelekwa kupimwa akili. Watazamaji wa taarifa ya saa moja hudhani hapo ndipo hila ya wakili inapoanza. Siyo. Ni desturi katika kesi za mauaji, awe mshtakiwa ni mlevi wa mtaani au mhubiri. Paul Mackenzie, ambaye makaburi ya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola yalitoa maiti zaidi ya 400, aliagizwa apimwe akili Januari 2024 kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Alionekana yuko sawa, akajibu.

Daktari katika hatua hiyo haulizwi kama mtu ni mbaya. Haulizwi hata kama alikuwa na akili siku ya tukio. Anaulizwa kama sasa hivi mtu huyu anaweza kuelewa anashtakiwa nini, akazungumza na wakili wake na kufuata kesi. Joker atapita mtihani huo bila kutoka jasho.

Kisha inakuja siku ya utetezi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 11, inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Kifungu cha 12 kinamwondolea mtu hatia ikiwa ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Kipimo hicho kilisafiri kutoka London. Mwaka 1843 fundi wa mbao kutoka Scotland, Daniel M'Naghten, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama tawala kinamwandama. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, nchi ikachacha, na majaji wakaitwa kueleza sheria ni ipi. Walichojibu ndicho kinachotumika Kajiado leo.

Mpime Joker kwa kipimo hicho. Anapanga kwa majuma. Anatengeneza sumu yake mwenyewe, anaandaa gari la kutorokea, anampigia simu mkuu wa polisi kumtangazia atakachofanya, na akisikia ving'ora anakimbia. Kiongozi wa mashtaka hatahitaji hata nusu siku. Ulijua ni sumu? Ulijua wakivuta watakufa? Mbona ulikimbia? Kucheka si ugonjwa, ukatili si ugonjwa, na kutojali uchungu wa wenzako, hata kukiwa na jina refu la kitabibu, hakukuondoi katika kifungu cha 11. Jaji atamtia hatiani. Hukumu ya kifo si ya lazima tena tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Francis Muruatetu Desemba 2017, na kitanzi chenyewe hakijatumika Kenya tangu mwaka 1987, waliponyongwa waliohusika na jaribio la mapinduzi la 1982. Kwa hiyo Joker angezeekea katika gereza la Kamiti, na hadithi ingekuwa imekwisha.

Wazimu ambao sheria iliuwazia haufanani naye hata kidogo. Soma hukumu za Mahakama Kuu utamkuta mtu aliyemuua mzazi wake au mtoto wake, mtu wa karibu kabisa, kwa sababu sauti zilimwambia huyo siye mama ni jini. Hakupanga. Hakukimbia. Mara nyingine majirani wanamkuta ameketi pale pale. Maadui wa Gotham, mji wa Batman, wana majina ya kuchapishwa kwenye fulana. Hawa, kwa kulindwa, huandikwa kwa herufi tatu tu.

Na wao ndio wanaotumbukia mahali ambapo wachoraji hawajawahi kufika. Kwa kawaida tungetazamia kwamba mtu asiye na hatia atakwenda zake, au atapelekwa kutibiwa. Malkia Victoria hakupenda hivyo. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia bastola kwenye kituo cha treni cha Windsor, akakosa, na mahakama ikasema hana hatia kwa kuwa alikuwa na wazimu. Malkia akaghadhibika: vipi asiwe na hatia wakati watu walimwona? Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha sheria ili mtu wa namna hiyo atangazwe kuwa ametenda kosa, ila alikuwa mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliiacha hukumu hiyo mwaka 1964. Kenya, iliyopata uhuru mwaka mmoja kabla, ilibaki nayo katika kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Mtu wa Loitokitok aliyeugua na kuua anahukumiwa kwa hasira za bibi mmoja aliyekoswa na risasi miaka mia moja na arobaini iliyopita.

Baada ya hukumu hiyo jaji aliandika kwa Rais. Rais aliamuru mtu afungiwe hospitalini, gerezani au mahali pengine panapofaa. Msimamizi wa mahali hapo alitakiwa kupeleka ripoti kwa waziri baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, ili Rais aifikirie. Sheria haikusema ni lini lazima mtu atoke. Mwizi alijua idadi ya miaka yake; mgonjwa hakuijua. Na aliyeamua ni mtu ambaye hajapata kumwona mshtakiwa, mwenye mambo elfu mezani, na asiyepata kura hata moja kwa kumrudisha muuaji kijijini.

Hospitali tunayoizungumzia ni Mathari. Ilianza mwaka 1901 kama kituo cha kutenga wagonjwa wa ndui, ikageuzwa nyumba ya wendawazimu mwaka 1910, ikapewa jina lake mwaka 1924. Mtu wa Kitengela akitaka kukutukana hakutaji ukoo wako. Anakuuliza umetoroka Mathari lini. Ndani yake kuna kitengo chenye ulinzi mkali cha watu walioletwa na mahakama. Siwezi kusema kwamba hakuna anayetoroka Mathari: Mei 2013 wagonjwa 40 walitoka kwa mkupuo, na kwa siku mbili tatu nchi ikawa inacheka huku inafunga milango. Gotham haikuungua. Miaka saba baadaye kikosi kazi kilichoongozwa na Daktari Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na habari hiyo haikuchekesha mtu, wala haikusomwa sana.

Mwaka 2018 jaji mmoja wa Kisumu, marehemu David Majanja, alikuwa na kesi ya mtu wa herufi tatu, SOM. Aliamua kwamba kumwachia Rais kazi ya kusema mtu afungiwe hadi lini ni kuipokonya mahakama mamlaka yake, na kwamba kifungo kisicho na mwisho hakiendani na Katiba. Majaji waliomfuata hawakushika njia moja. Wengine humpa mtu miaka kadhaa, kana kwamba ugonjwa una kalenda. Wengine huagiza atibiwe na arudishwe mbele yao baada ya muda. Njia ya pili naiona bora, ingawa ni ya taabu zaidi kwa jaji, kwa sababu inadai kitu ambacho Arkham haijawahi kukikubali: kwamba huenda dawa ikafanya kazi.

Hapo ndipo hadithi na sheria yetu ya zamani zinapokutana, kwa kupitia milango tofauti. Zote mbili haziamini kwamba mtu anaweza kupona. Kwa sababu hiyo Gotham humtoa adui haraka mno, na kifungu cha 166 hakikumtoa kabisa. Msomaji aliyejifunza wazimu kwa Joker anaogopa hospitali kwamba ina kufuli mbovu. Kufuli mbovu za Kenya ziko kwingine.

Ziko vituoni. Julai 2021 polisi walimkamata kijana wa miaka 20, Masten Wanjala, aliyekiri kuwaua watoto zaidi ya kumi. Idara ya Upelelezi, DCI, ambayo mwandishi wake wa mtandaoni nahisi alikulia katika vibanda vya filamu, ilimtangaza kuwa mnyonya damu mwenye kiu. Asubuhi ya tarehe 13 Oktoba, siku aliyotakiwa kortini, majina yalisomwa katika kituo cha Jogoo Road, Nairobi, na yeye hakuitika. Siku mbili baadaye watu wa kwao Bungoma walimfuata na kumuua. Mwezi uliofuata wafungwa watatu wa ugaidi walitoka Kamiti, gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote, wakaenda hadi Kitui kabla ya kunaswa.

Halafu Julai 2024, kwenye jalala la Kware, mtaani Mukuru kwa Njenga, yakaopolewa magunia yenye mabaki ya wanawake. Akakamatwa Collins Jumaisi, na polisi wakasema amekiri kuwaua 42. Mkuu wa DCI naye akamwita mnyonya damu. Ni kama idara ina mhuri wa neno hilo. Wakili wake akaieleza mahakama kwamba aliteswa ili akiri. Alfajiri ya tarehe 20 Agosti, askari wa kituo cha Gigiri waliokwenda kuwapelekea mahabusu chai walikuta waya wa mahali pa kuotea jua umekatwa na watu 13 wameondoka, yeye akiwa mmoja wao. Gigiri ni jirani ya makao ya Umoja wa Mataifa. Hakuna daktari mjinga aliyemfungulia, wala hakuna aliyedai amepona. Aliyetoroka ni mtu ambaye hakuna mahakama iliyokuwa imempata na hatia wala wazimu, na kwa hiyo hatujui tulikuwa tumemshika nani.

Waswahili wa pwani wana kisa chao cha kutoroka kifungoni. Fumo Liongo alipofungwa pingu, mama yake alimpelekea mkate wa pumba wenye tupa ndani, walinzi wakala vyakula vizuri na kumwachia kile kibaya, na wakati ngoma inapigwa nje yeye akakata minyororo. Wasikilizaji wa kisa hicho, kwa mamia ya miaka, wamekuwa upande wa mfungwa, kwa sababu aliyemfunga ni mtawala aliyemhofia. Hadithi za mashujaa wa Marekani zimegeuza kiti: mfunga ndiye mwema, mfungwa ndiye jinamizi, na sisi watazamaji tunakaa na mfunga bila kumwuliza kibali.

Bila kibali ndiyo hali halisi. Batman hana kitambulisho cha polisi. Anavaa kinyago, anamnyaka mtu usiku, anamning'iniza juu ya ghorofa mpaka aseme, kisha anamwacha amefungwa kwenye nguzo. Kwa sheria ya Kenya maneno yaliyotoka hivyo hayafai kuwa ushahidi. Kukiri kunakokubalika ni kule kunakotolewa mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa cheo cha juu asiyeendesha upelelezi huo, tena mtu akiwa na wa kumshuhudia aliyemchagua mwenyewe. Mawakili wa Gotham wangemtoa Joker kwa hoja hiyo peke yake.

Kitengela inajua vinyago kwa namna nyingine. Tarehe 19 Agosti 2024, siku moja kabla ya Gigiri, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa hapo na watu ambao hawakujitambulisha. Polisi walikana kuwa nao. Jaji Lawrence Mugambi aliagiza Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli afike kueleza, akaitwa tena na tena, na tarehe 13 Septemba akahukumiwa miezi 6 kwa kudharau mahakama; hukumu hiyo ilifutwa baadaye alipojitokeza. Watatu hao waliachiwa tarehe 20 Septemba, zaidi ya mwezi mmoja tangu kuchukuliwa. Weka tarehe hizo kando kwa kando. Siku moja, watu watatu wasio na mashtaka wanatoweka Kitengela wala hawaonekani. Alfajiri iliyofuata, anayedaiwa kuua 42 anapanda ukuta Gigiri. Mchoraji akileta kisa hiki kwa mhariri ataambiwa amezidisha.

Turudi kwa yule anayeuliza kwenye kibanda: kwa nini asimmalize? Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 2021, katika kijiji cha Enkamuliat nje ya Kitengela, vijana wanne waliokuwa kwenye pikipiki walizingirwa wakidhaniwa wezi wa ng'ombe. Familia zao zilisema walikuwa wametoka kustarehe. Wizi wa mifugo si jambo la kubuni katika Kajiado. Ng'ombe ndiye karo, ndiye mahari, ndiye hospitali, na mtu aliyeibiwa mara tatu bila polisi kufika hujifunza kutomngoja polisi. Nalielewa hilo. Lakini umati ule ulifanya kile kile ambacho Batman analaumiwa kwa kutokukifanya. Haukungoja daktari, wala wakili, wala hata kumwona ng'ombe. Wanne walipigwa hadi wakafa.

Mtu akisema hao ni wengine, Joker ni Joker, anasahau kwamba kwenye skrini tulionyeshwa kila kitu. Tulimwona akiua. Enkamuliat hakuna aliyeonyeshwa kitu. Kulikuwa na giza, kelele, na neno mwizi. Bungoma walimuua aliyekiri, Enkamuliat wakawaua waliopita njia, na mikono iliyofanya kazi hizo mbili haikuwa na tofauti. Inafaa kukumbuka pia kwamba miaka mitano nyuma, Machi 2016, simba aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akamjeruhi mtu, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Kwa siku kadhaa nchi ilimlilia simba na kudai ielezwe kwa nini hakupigwa sindano ya usingizi.

Shujaa wa filamu aliyelikaribia jambo hili zaidi, kwa maoni yangu, ni T'Challa. Filamu ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu Februari 2018, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na ukumbi ulifurahi ipasavyo. Mwishoni Killmonger, adui wa T'Challa, ana kisu kifuani, na mshindi wake anamwambia huenda bado wakaweza kumtibu. Anakataa. Anajua atatibiwa ili afungiwe, na anaona afadhali kifo. Hapo mtazamaji anafikishwa mlangoni pa kifungu cha 166, kisha mwandishi anaufunga mlango huo haraka kwa kumwacha mtu afe akitazama machweo. Ningelipa kiingilio cha pili nione angekubali. Angehukumiwa na nani huko Wakanda, nchi ya T'Challa? Kwa miaka mingapi? Na wale aliowaua, nani angekaa na jamaa zao?

Gotham haina jamaa za marehemu. Watu hufa kwa mamia na hakuna matanga. Kajiado, hata pale korti isipofika, wazee wa Kimaasai wana njia yao ya kukaa na koo mbili baada ya mauaji na kuzungumzia fidia ya ng'ombe, na akili ya muuaji si swali la kwanza. Swali la kwanza ni koo hizi zitachotaje maji kwenye kisima kimoja. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 nayo imewapa wafiwa nafasi ya kusikizwa kortini. Kwa hiyo mtu wa herufi tatu akirudishwa mbele ya jaji kukaguliwa, chumba kinajaa: daktari na ripoti yake, ndugu wanaoogopa, chifu anayeulizwa kama kijiji kitampokea, na mara nyingi mfiwa na mshtakiwa wana baba mmoja. Kikao kinaweza kuahirishwa kwa sababu daktari yuko likizo. Hakuna kinyago chumbani humo na hakuna anayecheka.

Filamu moja ya ukoo huu imethubutu kukaa kortini. Joker ya Todd Phillips, ya mwaka 2019, ilimwonyesha Arthur Fleck akiwa mgonjwa aliyekatiwa dawa na serikali ya jiji, akageuka muuaji na sanamu ya umati. Ya pili, ya mwaka 2024, ilimfungulia mashtaka. Wakili wake anasema Joker ni nafsi nyingine ndani yake, aliyeua siye huyu. Arthur anamfukuza wakili, anajitetea akiwa amepaka rangi, na mwishowe anaungama mbele ya korti kwamba hakuna Joker, ni yeye. Anapatikana na hatia, na hatoroki hivi hivi kama wenzake: mlipuko unabomoa ukuta wa mahakama, anakimbia vichochoro kadhaa, anarudishwa, na anauawa na mfungwa mwenzake ndani ya Arkham. Ni filamu yenye kasoro nyingi, nyimbo zikiwa za kwanza. Lakini ilijibu swali la kibandani kwa ukamilifu kuliko zote zilizotangulia. Ya kwanza ilivuna zaidi ya dola bilioni 1. Hii haikufika robo ya hapo.